Zawadi za Krismasi kwa msomaji na kwa mwandishi: kipi kinafaa kununuliwa Arusha na Moshi

Mpenda vitabu na mwandishi si mtu mmoja, hata kama wote wawili wana rafu iliyojaa. Msomaji anataka kitabu ambacho hajakisoma. Mwandishi naye husoma, lakini anachopungukiwa zaidi ni vile vitu vinavyomwezesha kuketi na kuimaliza kazi yake: karatasi, mwanga, utulivu, na mtu wa kusoma alichokiandika. Wanunuzi wengi wa zawadi huwaweka wote kapu moja. Ndiyo maana msomaji anapewa daftari la tano ambalo hatalifungua, na mwandishi anapewa kikombe chenye picha ya vitabu.

Kwa hiyo, kabla ya kulinganisha bei, jiulize unayemnunulia ni yupi kati ya hao wawili. Nawaandikia hasa wanaofanya manunuzi ya Desemba mjini Arusha au Moshi, wakati mabasi kutoka Dar yanafika yamejaa na kila anayepanda Kibosho, Machame, Marangu au Rombo ana mzigo wa kupeleka nyumbani. Msimu huo una mipaka yake. Maduka mengi ya vitabu ya miji hii yanaishi kwa vitabu vya shule na vya dini, na riwaya hupewa rafu moja au mbili. Ukisubiri hadi tarehe 23, utanunua kilichobaki.

Kitabu kipya au cha mtumba?

Vitabu vilivyokwisha kusomwa vina utajiri wake huku kwetu, na sababu ni mlima na mbuga. Wageni wanaokuja kupanda Kilimanjaro au kwenda Serengeti husafiri na vitabu vya kusomea njiani, na wakiondoka huviacha kwenye hosteli na nyumba za wageni ili wapunguze uzito wa mabegi. Baadhi yake huishia kwenye meza za barabarani. Ukiwa na muda wa kuchambua, bei ya kitabu kimoja kipya inaweza kukupatia vitatu vya namna hii, na mara nyingine utakutana na riwaya nzuri ambayo duka la mjini halijawahi kuiagiza.

Lakini karibu vyote ni vya Kiingereza, na vingine ni vya Kijerumani au Kifaransa. Huwezi kwenda ukiwa na jina la kitabu mfukoni ukatarajia kukipata. Na kitabu cha mtumba hakirudishwi. Kama mjomba wako ameshakisoma, ndiyo basi.

Kitabu kipya kutoka dukani kina faida ambayo watu huisahau, nayo ni risiti. Mwambie muuzaji mapema kwamba ni zawadi na muulize kama mpewaji akiwa nacho anaweza kubadilisha. Wengi hukubali kama kitabu hakijaandikwa wala kukunjwa. Kwa hiyo usiandike salamu zako kwenye ukurasa wa kwanza. Ziandike kwenye kadi ndogo uiweke ndani, na mwenyewe akishasema kitabu ni kipya kwake, hapo ndipo umwandikie. Mabadilishano yafanyike kabla ya Mwaka Mpya, maana Januari maduka hayo hujaa wazazi wenye orodha za shule na hakuna atakayekuwa na nafasi ya kukusikiliza.

Uamuzi wangu ni huu: kwa msomaji unayemjua vizuri, nunua kipya kimoja kilichochaguliwa. Kwa kijana anayekula vitabu bila kubagua na anayesoma Kiingereza bila shida, mpe vitatu vya mtumba, vimefungwa pamoja kwa uzi. Atafurahi zaidi.

Cha Kiswahili au cha Kiingereza?

Hapa sina upande wa katikati. Msomaji wa Arusha au Moshi anaweza kupata riwaya ya Kiingereza kwa njia nyingi, kwenye simu, kwa rafiki, kwenye zile meza za barabarani. Riwaya nzuri ya Kiswahili humfikia mara chache, na mara nyingi humfikia kama kitabu cha mtihani. Kumpa riwaya ya Kiswahili ili aisome kwa raha yake, bila swali la insha mwishoni, ni zawadi ambayo watu wengi hawajawahi kupewa tangu wamalize shule.

Sasa, kuna jambo la kuangalia. Mtu aliyesoma sekondari nchini huenda alikutana na riwaya za Takadini au Watoto wa Mama N'tilie darasani. Aliyechukua Kiswahili kidato cha tano na sita anaweza kuwa ameichambua Vuta N'kuvute ya Adam Shafi mpaka akachoka na wahusika wake. Usimrudishe kwenye chumba cha mtihani. Kwa mtu ambaye hakusoma Kiswahili ngazi hiyo, kwa upande mwingine, Vuta N'kuvute ni chaguo zuri sana, hasa kama ameiona filamu ya mwaka 2021 iliyotokana nayo, kwa sababu ana sura za kuanzia nazo. Kama unataka kubaki kwa mwandishi huyohuyo lakini uende mbali na orodha ya shule, tafuta Kuli, riwaya yake ya mwaka 1979 kuhusu wapagazi wa bandari ya Unguja.

Zawadi ninayoipenda kuliko zote kwa msomaji mtu mzima ni Peponi. Hii ni tafsiri ya Paradise, riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994. Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948 na akapata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Mwaka uliofuata kampuni ya uchapishaji ya Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam ikaitoa riwaya hiyo kwa Kiswahili, mfasiri akiwa Ida Hadjivayanis. Ndani yake kuna kijana Yusuf anayetolewa na baba yake kwa mfanyabiashara kufidia deni, na anasafiri bara na misafara ya biashara kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Sura ya pili inampeleka kwenye mji wa mlimani. Msomaji wa Moshi atakuwa na lake la kusema kuhusu sura hiyo.

Je, umpe Paradise au Peponi? Kama mpewaji anasoma fasihi chuoni na atahitaji kunukuu, mpe ya Kiingereza. Kwa wengine wote mpe Peponi, na sababu yangu ni ya nyumbani: wakati wa Krismasi nyumba ina mama, shangazi, binamu na watoto wakubwa, na kitabu cha Kiswahili kinaweza kusomwa kwa sauti sebuleni bila kumwacha mtu nje.

Kwa anayependa mashairi na fikra nzito, Euphrase Kezilahabi anafaa. Kichomi, diwani yake ya mwaka 1974, ina mashairi yasiyofuata vina na mizani, jambo lililozua mabishano makali kati ya washairi wa wakati ule. Mpe mtu anayependa kubishana. Kwa anayependa lugha iliyopangwa kwa utulivu, Shaaban Robert bado ndiye wa kwanza. Kusadikika ni kitabu chembamba, kilitoka mwaka 1951, na mtu anaweza kukimaliza kwenye basi kutoka Arusha hadi Dar.

Kama kitabu unachokitaka hakipo Arusha wala Moshi, wasiliana na muuzaji au mchapishaji wa Dar kwa simu, lipa, na kitumwe kwa basi kama kifurushi. Basi linaloondoka asubuhi linafika jioni, na utakifuata stendi au ofisi ya kampuni ya basi. Fanya hivyo wiki ya kwanza ya Desemba. Wiki ya Krismasi buti za mabasi hujaa magunia na maboksi, na kifurushi kidogo cha vitabu ni rahisi kusahaulika chini ya mchele wa mtu.

Kamusi ipi kwa mwandishi?

Mwandishi wa Kiswahili anahitaji kamusi hata kama ana simu. Ya karatasi humfungua macho kwa maneno ambayo hakuyatafuta, na hilo ndilo analolihitaji.

Zinazoshindana ni mbili. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka kwanza mwaka 1981, kazi ya taasisi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyojulikana kama TUKI na sasa ni TATAKI, na imesahihishwa mara kadhaa tangu hapo. Kamusi Kuu ya Kiswahili ni ya BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa, ilitolewa na Longhorn mwaka 2015. Ya kwanza ndiyo walimu na wahariri wengi waliyokulia nayo, na mwandishi wa muda mrefu kuna uwezekano mkubwa anayo, labda jalada limeshang'oka. Ya pili ni pana zaidi na ina maneno mengi ya maisha ya sasa. Kama hujui anayo ipi, nunua Kamusi Kuu. Kama unajua anayo tayari, kuna ya tatu ambayo wachache huifikiria: Kamusi ya Visawe ya Mohamed A. Mohamed na Said A. Mohamed. Mshairi anayehangaika kutafuta neno lenye mizani anayoitaka atakushukuru mwaka mzima. Hakikisha tu toleo unalouziwa ni la karibuni, kwa kuangalia ukurasa wa haki za uchapishaji nyuma ya ukurasa wa jina. Nakala za zamani hukaa rafuni muda mrefu.

Kindle au rafu ya vitabu?

Ndugu walio Ulaya au Marekani hupenda kuuliza, "Nikuletee Kindle?" Ni kifaa kizuri cha kusomea vitabu vya kidijitali. Kioo chake hakiumizi macho kama cha simu, chaji hukaa kwa wiki kadhaa, na nakala yenye nafasi ya jigabaiti 16 inabeba vitabu vingi kuliko mtu atakavyosoma maishani. Kwa mwanafunzi wa chuo mwenye makala nyingi za Kiingereza, au mtu anayesafiri kila wiki kati ya Arusha na Nairobi, inafaa.

Ila kwa msomaji wa Kiswahili naipinga. Vitabu vya Kiswahili vilivyo katika mfumo wa kidijitali ni vichache, na faili za PDF ambazo watu hutumiana husomeka kwa tabu kwenye kioo kidogo cha kifaa hicho. Inahitaji pia akaunti na kadi ya kulipia mtandaoni, na mpewaji asiye na kadi atabaki na kifaa kizuri kisicho na kitu ndani. Bei ya kifaa kimoja kipya hununua riwaya za Kiswahili zaidi ya kumi, na hizo kumi zitaazimwa kijiji kizima. Dada, kaka, kama uko nje na umeshainunua, basi iandae kabisa kabla ya kuileta: fungua akaunti, weka vitabu kadhaa, uthibitishe kwamba vinafunguka bila intaneti.

Daftari zuri au mswada uliochapwa?

Zawadi ya kawaida kwa mwandishi ni daftari. Kuna lenye jalada la ngozi, ambalo mafundi wa ngozi wa Arusha huwauzia watalii, na kuna kaunta buku la steshenari lenye jalada gumu. Lile la ngozi ni zuri mkononi, lakini waandishi wengi huogopa kuliharibu, hulitunza kabatini na kuendelea kuandika kwenye kaunta buku. Kama utanunua la ngozi, chagua lile ambalo karatasi zake zinaweza kutolewa na kubadilishwa. Angalia pia unene wa karatasi. Nyembamba hupitisha wino upande wa pili, na mtu anayependa kalamu ya wino wa maji atakasirika. Jaribu na kalamu yako hapohapo dukani, kwenye ukurasa wa mwisho, kwa ruhusa ya muuzaji.

Diari usinunue kabisa. Desemba benki, hospitali, makanisa na kampuni za utalii hugawa diari na kalenda bure, na mwandishi yeyote mwenye marafiki atapewa mbili.

Sasa niseme zawadi ambayo kwangu inazishinda zote kwa mwandishi: kumchapia mswada wake. Karibu kila mtu anayeandika riwaya au hadithi ana faili kwenye simu au kompyuta ndogo ambayo hajawahi kuiona kwenye karatasi. Kwenye kioo makosa hujificha. Kwenye karatasi mtu huona sura ya tatu imekuwa ndefu, jina la mhusika limebadilika katikati, na aya nzima imejirudia. Na kushika kazi yako mwenyewe ikiwa na uzito humpa mtu nguvu ya kuimalizia ambayo maneno ya kutia moyo hayawezi kuitoa.

Hesabu yake si ngumu. Mswada wa maneno 60,000, ukiuweka kwenye karatasi za A4 kwa nafasi mbili kati ya mistari, unakuwa na takribani maneno 250 kwa ukurasa, yaani kurasa kama 240. Uliza bei ya ukurasa mmoja wa rangi nyeusi kwenye steshenari mbili tatu, zidisha, ongeza bei ya kubaindi. Zilizo karibu na vyuo huwa nafuu kwa sababu ya wingi wa kazi, na ukiwa na kurasa zaidi ya mia mbili una haki ya kuomba punguzo. Bainda kwa springi, si kwa gundi, ili ukurasa ulale wazi mezani wakati wa kusahihisha. Chapa upande mmoja tu wa karatasi, maana upande mtupu ndiko masahihisho marefu huandikwa.

Kuna tahadhari mbili. Ya kwanza, faili iwe PDF, kwa sababu faili ya kawaida ikifunguliwa kwenye kompyuta ya watu kurasa huruka na herufi hubadilika. Ya pili ni heshima kwa kazi ya mtu. Mswada usiochapishwa haupaswi kubaki kwenye kompyuta ya steshenari. Nenda na flashi, simama hapo, na kazi ikiisha sema waziwazi: "Kaka, naomba uifute hiyo faili nikiona, hata kwenye kapu la taka." Hakuna anayekasirika. Flashi yenyewe ikaguliwe virusi kabla ya kuchomekwa kwenye kompyuta ya mwandishi.

Tatizo la zawadi hii ni kwamba haiwezi kuwa ya kushtukiza. Huwezi kuchukua faili ya mtu kwa siri, na hata kama ungeweza, usifanye. Mpe bahasha ya Krismasi yenye kadi inayosema utalipia nakala mbili pindi atakapokuwa tayari, moja yake na moja ya msomaji atakayemchagua. Kama msomaji huyo ni wewe, weka tarehe ya kumrudishia maoni na uitimize. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na Tuzo ya Safal ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2014, zote zimekuwa zikipokea miswada. Nakala iliyosahihishwa kwenye karatasi ni hatua ya kweli kuelekea huko.

Taa

Umeme hukatika, na nyumba za mlimani hujaa watu mwezi wa kumi na mbili. Taa ya sola ni nzuri kwa meza, lakini siku ya mawingu kule Machame au Meru haitajaa. Taa ya kichwani, ile ya wapagazi na waongoza watalii, inapatikana kwenye maduka ya vifaa vya mlima Moshi na Arusha, na kwa anayesoma kitandani huku wenzake wamelala haina mpinzani. Chagua ya kuchaji kwa waya wa simu, na yenye uwezo wa kupunguza mwanga. Za betri ndogo huanza kwa bei ya chini, kisha humaliza fedha ya mpewaji taratibu.

Kwa mwalimu mstaafu na kwa watoto

Babu au bibi aliyefundisha miaka yote huenda ameacha kusoma kwa sababu herufi zimekuwa ndogo, naye hasemi. Kabla ya kumnunulia kitabu, mpeleke akapimwe macho, hospitali ya KCMC kama mko Moshi, kisha mlipie miwani. Miwani ya barabarani ni rahisi, ila lenzi zake mbili huwa na nguvu sawa wakati mara nyingi macho hayako sawa. Kitabu kifuate baadaye.

Mtoto mpe vitabu viwili vyembamba badala ya kimoja kinene. Na kama unataka zawadi inayodumu, mlipie ada ya mwaka kwenye maktaba ya mkoa. Arusha na Moshi zote zinayo, chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Nenda ukaulize kwanza masharti ya kuazima, kisha mpeleke mtoto mwenyewe siku ya kwanza, akachague kwa mkono wake.

Kufunga na kusafirisha

Karatasi ya zawadi ya dukani huchanika kwenye basi dogo kabla hujafika Kibosho, na mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019. Mvua za vuli mara nyingi hazijaisha Desemba. Funga kitabu kwa kipande cha kitenge, mikunjo miwili, fundo juu. Mswada uliobaindiwa uweke kwanza kwenye bahasha ngumu ya khaki, kisha kitenge. Ukiwa na bodaboda kwa kipande cha mwisho, mzigo ubaki mapajani mwako. Kwenye keria ya nyuma tope humwagika lote juu yake.